Kitundu cha Saba

Jumatatu asubuhi fundi umeme wa hospitali alipanda ngazi mbele ya mti wa Krismasi wa wodi ya uzazi, akachomoa taa ya kwanza. Uzi ulikuwa na taa kumi na sita, na umeme ulipita katika moja ndipo ufike kwa nyingine, kwa hiyo moja ikifa zote hulala. Dawa yake ni kuchukua taa nzima na kuijaribu katika kila kitundu mpaka zote ziwake. Ni kazi ya kuudhi, hata kwa mtu mwenye subira, na fundi huyu hakuwa nayo.

Kitundu cha saba kiligoma. Alijaribu taa nne, zote nzima. Muuguzi mkuu, akipita na trei ya dawa, alimwambia asijichoshe. Taa zile zilikuwa za wauguzi wake, kila mmoja na yake, na ya saba ilikuwa ya yule aliyeacha kazi mwezi wa tatu na nafasi yake haijajazwa. Fundi akauliza ya mke wake, naye muuguzi wa wodi hiyo, ni ipi. Ya nane, akajibiwa. Aliigusa, akakuta ina joto, ingawa uzi wote ulikuwa umezimika. Tangu mwezi huo wa tatu mkewe alikuwa akifanya zamu mbili kwa siku.

Alikwenda kwa mkurugenzi kumweleza kwamba kitundu kile kinataka muuguzi. Mkurugenzi hakubisha. Alisema tu kwamba ajira zimefungwa, mwakani wataona, na wageni wa kupiga picha wanafika saa sita.

"Unga waya, ukiruke hicho kitundu."

"Zilizobaki zitabeba mzigo wake, bosi. Zitawaka sana, kisha zitaungua."

"Saa sita zitafika?"

"Zitafika."

"Basi unga."

Fundi alikuwa na watoto wawili na mkataba wa mwaka mmoja. Akamenya waya, akaunga, akafunga utepe, huku akijichukia. Taa ziliwaka kuliko zilivyowahi kuwaka. Wodini, wauguzi kumi na watano walianza kung'aa viganja, na mama mmoja aliyekuwa akijifungua akasema afadhali, sasa wanaonana vizuri. Picha zilitoka safi.

Jioni mkewe alirudi aking'aa mpaka viwikoni. Watoto wakamsogelea, wakamaliza hesabu zao za shule kwa mwanga wake. Fundi alikaa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Alipomshika mkewe mkono, ulimchoma. Alitaka kumwomba radhi, akajikuta anamwambia chai inapoa.

Simu ikalia. Muuguzi mkuu alisema taa ya tatu imeungua, na muuguzi wake ameketi sakafuni, hainuki. Mkurugenzi anataka fundi arudi na waya mwingine, na mkewe aje ashike zamu. Bibi wa jirani angeweza kukaa na watoto. Mkewe, angali aking'aa, alikuwa keshasimama, anatafuta viatu.

"Leo usiende, mama watoto. Utaungua."

"Nisipokwenda, na pengo langu utaliunga waya?"

Fundi alijua angeliunga, akaona aibu. Alichukua koleo, wakatoka pamoja. Giza lilikuwa limeingia, lakini njia nzima hawakuhitaji tochi.