Tonge la Kutafuniwa

Eliane alitoka kituo cha afya na vidonge amevificha chini ya samaki wake, mikebuka, kwenye beseni, maana Kalemie watu wanasalimia beseni kwanza, ndiyo wakusalimie wewe. Kifua kikuu. Muuguzi alimweleza vizuri: ugonjwa unapita kwa kikohozi, si kwa chakula, avae barakoa, na wote wa nyumbani waje wapimwe. Eliane aliitikia, lakini akili ilikuwa imeshafika kwa mama yake.

Tangu Mama Bertille ateremshwe kutoka milimani Kirungu, mgongo umegoma na meno, alivyosema mwenyewe, yamekwisha, Eliane ndiye aliyemtafunia. Walikaa uso kwa uso, Eliane akatafuna samaki mpaka alainike, kisha akamtia mama mdomoni. Moyoni alinung'unika: huyu mzee atanimaliza. Na kati ya tonge na tonge alikohoa, pale pale puani mwa mama yake, akisema ni moshi tu wa kukausha samaki. Moshi gani? Alijua si moshi. Aliogopa: akilazwa, nani angemgeuza mama kitandani, nani angempikia binti yake Reine.

Mchana huo alivaa barakoa, akaponda samaki kwa mwiko, akasogeza sahani huku mkono ameunyoosha.

Mama Bertille akafunga mdomo.

“Nimeanza kukunukia, Eliane?”

“Hapana, mama. Kula tu.”

“Mutoto wangu ananilisha kwa mbali, sawa imbwa.”

Kesho yake pia hakula. Reine alibembeleza, akaimba, mwisho akanuna. Bibi alikaza taya. Eliane alitazama macho ya mama yake yanavyozama, akajiona muuaji mara mbili: kwanza kwa kumkaribia, sasa kwa kumkimbia. Akasimama mlangoni, akasema yote kwa mkupuo.

“Niko na kifua kikuu, mama. Nilikuwa nakukoholea usoni na nilijua niko mugonjwa. Kama umeshikwa, mimi njo nilikupa.”

Mama Bertille aliunyoosha mkono. Kisha akavuta sahani ya Reine, akachukua kichwa cha mkebuka aliyekaushwa, kigumu kile, akakitia mdomoni. Mifupa ikalia chini ya magego yake. Yalikuwepo yote.

“Meno iko,” alisema bila kumtazama. “Wewe ulikuwa unakonda. Chakula yote unatugawia, wewe unakunywa maji. Nikasema, akinitafunia, hata kidogo itamupita kwenye koo.”

Eliane alijishika kifua. Kumbe kila tonge alilolinung'unikia lilikuwa lake. Alitaka kukimbia akamkumbatie, akakumbuka ugonjwa, akabaki mlangoni analia ndani ya barakoa.

Mama Bertille aliendelea kutafuna. Mara akakohoa. Akakohoa tena, kwa muda mrefu, mkono mdomoni.

“Ni mwiba tu,” alisema.