Lori Nambari 2,206

Jentrix Nangila alihesabu magari ya vita akiwa mtaani Mamboleo, katika chumba cha kupanga juu ya duka la vipuri. Nchi yenye vita hivyo hakuwahi kuikanyaga. Alisomea ramani chuoni, na sasa alikuwa mmoja wa watu kumi na wanane, kila mmoja akifanya kazi kwake, waliokusanya picha ambazo askari wa pande zote mbili walizitupia mtandaoni. Walizichunguza, kisha wakaorodhesha kila kifaru na kila lori lililoharibiwa. Sheria ilikuwa moja: bila picha, hakuna kuhesabu.

Magazeti yalinukuu jumla yao kwa ujasiri ambao wao wenyewe hawakuwa nao. Jentrix alijua kwamba jeshi linalosonga mbele hupiga picha nyingi, na linalokimbia halipigi. Alijua pia kwamba gari likipigwa picha na watu wawili, laweza kuangamia mara mbili kwenye orodha.

Jumapili moja mwezi wa nne, baada ya ibada, Caren Akello alipanda ngazi hadi mlangoni kwake. Waliimba kwaya moja, lakini hakuwahi kumtembelea. Caren alikuwa mjane, muuzaji wa samaki ufukweni Dunga.

"Wanasema wewe huona magari ya vita," alisema kabla hajaketi vizuri. "Nitafutie hili."

Kwenye simu yake kulikuwa na picha ya mwanawe, Walter, mwenye miaka ishirini na saba. Mwaka uliotangulia aliahidiwa kazi ya udereva ng'ambo, kwenye ghala. Alipofika alipewa sare ya jeshi na lori la kupeleka chakula na risasi. Ujumbe wake wa mwisho wa sauti ulikuja mwezi wa kwanza. Pichani alisimama kwenye theluji, mkono juu ya bampa ya lori la kijani. Madigadi ya kushoto, juu ya gurudumu, ilikuwa imebonyea, na taa moja ilifungwa kwa utepe mweupe.

"Mama Walter, mimi huhesabu magari. Watu sihesabu."

"Najua. Anza na gari."

Kisha akaeleza sababu ya haraka yake. Shemeji yake Ondiek, aliyekaa Awasi, alisema miezi mitatu ya kimya inatosha. Alitaka wazike tunda la yago badala ya mwili, kama ifanyikavyo mtu akipotea kabisa, ili boma litulie.

Jentrix alitafuta siku tatu. Siku ya pili alilipata, nambari 2,206, lori lililoteketea, sehemu ya dereva imebaki chuma kitupu. Madigadi ilikuwa ile ile. Alifunga kompyuta akateremka chini, akasimama barabarani akitazama watu wakishusha magunia ya viazi mpaka gunia la mwisho.

Siku ya tatu alipata nambari 1,931. Hilo lilikuwa limeandikwa "limeachwa", limetumbukia mtaroni likiwa zima, milango yote wazi, na nyayo kwenye theluji zikielekea msituni. Utepe mweupe ulionekana kwenye taa. Kona ya barabara na nguzo tatu za umeme, moja imeinama, zilifanana kwenye picha zote mbili. Lilikuwa lori lile lile, limehesabiwa mara mbili. Tarehe zilionyesha kwamba liliachwa kwanza, likachomwa siku kumi na moja baadaye.

Alimfuata Caren Dunga, akamkuta akipara samaki aina ya ngege.

"Lilipochomwa lilikuwa tupu," Jentrix alisema.

Kisu kilisimama. "Basi mtoto wangu yuko hai."

"Sijasema hivyo, Mama. Nimesema lori lilikuwa tupu."

"Nimwambie nini Ondiek?"

"Mwambie hivyo hivyo. Usiongeze neno."

Caren alienda Awasi kesho yake na akaongeza maneno mengi. Mazishi yakaahirishwa.

Jentrix aliwaandikia wenzake, na jumla ikapungua kwa moja. Aliipitia upya barabara ile yote, akapata malori mengine manne yaliyorudiwa. Watu waliozipinga hesabu zao walishangilia mtandaoni kwa wiki nzima. Hakuwajibu.

Mwezi wa saba Walter alipiga simu kutoka hospitalini, kwa simu ya mgonjwa mwenzake. Mwezi wa tisa alirudi, akiwa amekatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Caren aliita ndugu na majirani, na Jentrix akakalishwa karibu na Ondiek. Chakula kilipokuwa mezani Jentrix alimwonyesha Walter picha zile mbili.

Walter alizitazama, akacheka kidogo.

"Hili? Hili si langu. Lilikuwa la Mnepali mmoja. Langu lilikuwa bovu, niliona aibu kutuma picha yake nyumbani, nikasimama kando ya lake."

"Lako lilienda wapi?"

"Lilivunja barafu, likazama mtoni. Mimi nilitoka. Wawili waliokuwa nyuma hawakutoka."

"Kuna aliyepiga picha?"

"Nani apige picha, dada? Tulikuwa tunakimbia."

Jentrix alihisi uso ukiwaka. Alikuwa amemsomea mama wa watu maisha ya mwanawe kwenye gari la mtu mwingine. Caren alisikia yote.

"Ungeniambia hujui," Caren alisema, "huyu Ondiek angezika yago."

"Lakini ningekuwa nimesema kweli."

Ondiek alikohoa, akatazama pembeni. Caren akamwongezea Jentrix samaki kwenye sahani, ingawa wa kwanza alikuwa hajammaliza.

Jumatatu Jentrix aliwaandikia wenzake juu ya lori lililozama, watu wawili ndani, na mahali Walter alipokadiria kwenye ramani. Jibu lilikuwa lile alilolitarajia: bila picha haliingii. Hakubishana, maana yeye mwenyewe angejibu vivyo hivyo. Aliomba tu kwamba juu kabisa ya orodha waandike sentensi moja, kuwa hizi ni hasara zilizoonekana, na kwamba zisizoonekana hakuna anayejua ni ngapi. Walibishana wiki mbili kuhusu maneno, kisha ikawekwa.

Baadaye alimpigia Walter kumuuliza habari za Mnepali, kama alifika msituni, kama alionekana tena.

"Sikumwona tena," Walter alisema.

"Aliitwa nani?"

Walter alisema walimwita Tamang, lakini huenda hilo lilikuwa jina la ukoo, au la mahali alikotoka. Hakuwahi kumuuliza.