Vidonge Kabatini

Kiwanda kizima cha mbao kilimwita Ngurumo kwa jinsi alivyokoroma, hata akijiegesha kidogo tu wakati wa chai. Daktari alimweleza kwamba koo lake hujiziba usingizini, naye hushtuka bila kujua mara kadhaa kila saa, ndiyo maana mchana alisinzia wima. Alipewa mashine ya kupumulia yenye barakoa. Macho yalipoendelea kuwa mazito, akaandikiwa pia vidonge vya kuzuia usingizi.

"Kimoja asubuhi," daktari alisema. "Na barakoa usiiache. Kidonge hakifungui koo."

Miezi mitatu akawa mtu mwingine. Mkewe alimtania kwamba hatimaye amepata mume wa kupiga naye soga. Kisha, juma moja, usingizi ukamrudia kwa pupa. Alimeza kidonge chake kutoka kwenye kopo alilolitunza kabatini kazini, na saa nne asubuhi shingo ilikuwa imeshalegea.

Jumatano alisinzia huku akilisukuma gogo kwenye msumeno. Gogo likaenda upande, meno yakalinasa, likarushwa nyuma na kumpiga msimamizi kifuani. Mbavu zilivunjika, kila mtu akasikia. Msimamizi alianguka akitapika damu.

"Kalewa huyu," mtu alisema, na ngumi ya kwanza ikatua sikioni mwa Ngurumo. Wakamshukia kwa mateke mpaka akatema jino.

Kesho yake alikwenda na mkewe kwenye duka la dawa, lile kopo mkononi. Muuzaji aligeuza kidonge kiganjani.

"Mzee, hiki ni cha maumivu ya kichwa."

Ufunguo wa pili wa lile kabati alikuwa nao mtu mmoja tu: shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akipiga zamu mbili mfululizo hapo hapo kiwandani. Walimkuta uani akipanga mbao.

"Umebadilisha dawa zangu?"

Shemeji akaangalia pembeni. "Zamu mbili zinaua, shemeji. Nikaona wewe una mashine, hutadhurika."

Ngurumo aliokota ubao akampiga nao gotini. Shemeji akapiga yowe, akachomoa ndoano ya kuvutia magogo na kumchana mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo. Ngurumo hakusikia maumivu. Alimwangusha, akamkalia kifuani, akampiga usoni, tena na tena, hata mikono ya mwenzake ilipoacha kujikinga. Mkewe alimwita jina, akamvuta shati likachanika. Ngurumo alipoinuka kuuokota tena ubao, mkewe alijilaza juu ya mdogo wake.

"Haya, nimalize na mimi."

Ubao ulikuwa umeshainuliwa. Ngurumo aliushusha taratibu, akakaa mavumbini, damu ikimchuruzika vidoleni.

Msimamizi alipona lakini hakurudi tena kazini. Shemeji alipoteza jicho la kushoto. Mahakamani alikiri wizi wa dawa bila kuulizwa mara mbili, ila hakimu alisema wizi haukuwa ruhusa ya kumponda mtu aliyelala chini. Ngurumo akafungwa mwaka mmoja.

Mkewe alikwenda kumwona gerezani mwezi wa pili wa kifungo.

"Mdogo wangu alikosa," alisema. "Hilo silipingi. Lakini ulimpiga alipokuwa ameshanyamaza. Mimi nilikuita jina lako, ukanitazama, ukaendelea."

"Nilikusikia," Ngurumo akajibu.

Mkewe akaitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake akaondoka.