Mkono wa Mkamwana

Kitendawili. Nina mto nyumbani kwangu, haujawahi kuona jua, na siku utakapoliona wenye nyumba watapiga yowe. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimepewa Misungwi, nimekaa, nimekula samaki, sasa nakwambia: ni damu.

Mto wa mume wangu Ndalahwa ulikauka kuanzia gotini kwenda chini. Kiatu kilimchubua kidole, kisukari kikakidaka kidonda, kidole kikawa cheusi kama kaa la jana. Tukamtoa Misungwi tukamleta mjini, Pasiansi, kwa mwanetu Elias. Mke wa Elias, Prudencia, mtoto wa Kihaya, ni daktari wa kupima mishipa ya damu. Majirani wakasema tuna bahati.

Prudencia alimsalimia mzee kwa goti, mlangoni, kama siku zote. Akaeleza akiwa pale pale.

"Baba, kuna njia tatu za kutazama mishipa, mbili za kutoka nje na moja ya ndani. Ya kwanza tunakupaka mafuta mazito mguuni, tunapitisha kifaa kinachofuata mwendo wa damu. Ya pili unalala kwenye mashine ya CT-scan, unadungwa dawa mkononi, inapiga picha. Ya tatu ndiyo ya tangu zamani. Tunatoboa kwenye kinena, tunapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wenyewe, tunamwaga dawa na kutazama. Tukikuta pameziba, mara nyingi tunapazibua hapo hapo."

"Anatoboa nani?"

"Mimi, baba."

Mzee akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Mkamwana anifunue mapaja? Hata ng'ombe wangu watanikimbia. Nipimeni hizo za nje."

Nilimfuata Prudencia jikoni. "Mwanangu, hakuna mwingine wa kuingiza huo mpira?"

Alikuwa anaosha kikombe ambacho kilikwisha kuoshwa. "Tuanze na za nje, mama. Wengi zinawatosha."

Ni kweli zinawatosha. Jirani Sabina alipimwa kwa ile ya mafuta tu, akatibiwa, leo anapanda mlima na ndoo kichwani. Mzee hazikumtosha. Kifaa kilisikia damu pajani, chini ya goti kikababaika. Mashine nayo ikaleta picha yenye michirizi myeupe kila mahali.

"Mama, umeona birika linavyoshika magamba ndani?" Prudencia aliniuliza. "Mishipa ya baba imeshika chokaa. Kwenye picha chokaa inang'aa kama dawa yenyewe, sijui katikati pana njia au hapana. Huu mguu unataka mtu aingie ndani."

"Basi mwambie."

Alimwambia. Mzee akageukia ukutani. Elias akamsihi, nami nikamsihi mpaka sauti ikanikauka.

"Odeta," akanijibu, "mguu ni wangu, na aibu ni yangu."

Kila jioni Prudencia alirudi kutoka kazini, akapiga goti mlangoni. "Baba, niruhusu mimi." Maneno ni hayo hayo, hakuongeza, hakupunguza. Mzee akamjibu kwa kuomba chai. Weusi ukapita kidole, ukashika wayo, ukaanza kutoa harufu ambayo hata sabuni ilishindwa nayo. Kisha homa ikaja, akawa anawaita ng'ombe waliokwisha kuuzwa. Tukambeba mpaka hospitali.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Aliyeogopa kufunuliwa na mkamwana alivuliwa nguo na wasichana asiowajua hata majina, wakamwosha, wakamgeuza kama mtoto. Mila ilibaki nyumbani, haikupanda gari la wagonjwa.

Tuliporudi Pasiansi alikaa sebuleni akitazama kiatu kilichobaki bila kazi. Prudencia akaja na magongo. Safari hii hakupiga goti mlangoni. Aliingia mpaka kwenye kiti, akayaegemeza karibu naye. Mzee akayapokea bila kumtazama.

Nikamkuta Prudencia jikoni. Ameshika kikombe, maji yanamwagika bure.

"Funga maji, mwanangu."

Akafunga. "Mama, siku ile uliniuliza kitu hapa."

"Nilikuuliza kama yupo mwingine wa kuingiza mpira. Hukunijibu."

"Alikuwepo," akasema. "Daktari Josephat. Tunapokezana naye chumba kile kile cha kupimia, ningemwita angekuja kesho yake. Nilitaka baba aukubali mkono wangu."