Shule ya Bafuni

Na itangazwe kwa wananchi wote, kwa heshima na taadhima, kwamba Olusuba, lugha ya Wasuba wa visiwa vya Ziwa Victoria, imefunguliwa shule yake ya kwanza ng'ambo, katika jiji la Riyadh. Shule yenyewe ilikuwa bafu. Mwanafunzi alikuwa mmoja, Layan, miaka mitano, povu hadi masikioni.

Mwalimu mkuu, Truphena wa kisiwa cha Mfangano, alikuwa ameajiriwa kupika, kupiga pasi kanzu na kumsemesha mtoto Kiingereza. Hilo la Kiingereza lilikuwa amri ya madam. Lakini kwao Mfangano, wazee waliobaki na Olusuba walikuwa wakizikwa mmoja mmoja, vijana walishahamia Kijaluo, na karani wa sensa alimwandika Mjaluo hata kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo kila alasiri, akimsugua Layan, alitaja maji, sabuni, kisigino, kwa lugha ya nyanya yake. Miaka mitatu. Madam, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye "helo", alipita mlangoni akitabasamu. Binti yake alikuwa anamwaga Kiingereza kama maji!

Siri ilipasuka Jeddah. Walikuwa wamekwenda likizo kwa dada yake madam, naye, kwa bahati mbaya, ni mwalimu wa Kiingereza. Mchana, mezani, alimwonyesha Layan samaki wa kuchoma na kumuuliza kwa Kiingereza ni nini. Layan alijibu kwa ukamilifu: jina la samaki, namna ya kumparua magamba, na onyo kuhusu miiba.

"Hiki si Kiingereza," dada mtu akasema.

"Truphena! Njoo!" madam akaita.

Jikoni, Selipher, Mjaluo wa Homa Bay aliyefanya kazi katika nyumba hiyo, alimdaka Truphena mkono. "Mama Fidel, sema ni Kiingereza cha Kenya. Nani atajua? Ikama yako, kibali cha kukaa huku, inaisha mwezi ujao. Na kwani nyinyi Wasuba si Wajaluo tu, wenye maringo?"

"Maringo ndiyo tuliyobakiza. Hayo msituchukulie."

Alikwenda na aproni yake yenye unga.

"Hii ni lugha gani?" madam akauliza.

"Olusuba, madam. Lugha ya kwetu."

"Nilikuambia Kiingereza!"

"Uliniambia. Sikufanya. Kiingereza kina watu wengi wa kukisema, madam. Hiki kina sisi tu."

"Nyinyi wangapi?"

Truphena alimtazama Layan. "Tuliokuwepo, na huyu."

Dada mtu aliangua kicheko. Madam hakucheka. "Halas! Kuanzia leo Kiingereza. Nikisikia hicho tena, mafi ikama, hakuna kibali. Unarudi kwenu."

Alasiri ilipofika, Truphena alifungua bomba kama kawaida. Madam alisimama mlangoni, mikono kifuani. Layan akainua kisigino chenye povu, akangoja.

Neno la Kiingereza Truphena alilijua. Jepesi, lilikuwa pale pale ulimini. Akakisugua kisigino, akakitaja kwa Olusuba, kwa sauti ya mwalimu mwenye darasa la watoto mia. Layan akaitikia. Madam akajitoa mlangoni, akaenda zake.

Hapa msimulizi alikusudia kufunga kitabu kwa taadhima na kuondoka. Lakini Selipher ameshanitaja. Mimi ndiye Fidel. Kule bwenini nimejaza "Mjaluo" kwenye kila fomu, na mama aliponipigia simu akinisemesha Olusuba, nilimjibu kwa Kiswahili na kuigiza lafudhi yake, ili wenzangu wacheke. Walicheka sana. Nakiri.

Jana, nikiwa nyumbani likizoni, nilitumiwa sauti kutoka simu ya mama. Lakini si yake, ni ya Layan. Ananiuliza kitu. Anangoja. Anauliza tena, polepole, kama anayemvumilia mwanafunzi mzito. Nimeisikiliza mara saba. Nadhani neno moja ni kisigino.

Nyuma yake, bomba linamwaga maji.