Mwiko Kutoka Bungoma

Wiki ile mume wangu Wekulo aliponivunja kidole, nilianza kuongea na mwiko. Mama aliniletea mwiko huo kutoka Bungoma nilipoolewa. "Ukimgonga mwanaume nao," alionya, "amelaaniwa mpaka wazee wa kwao wamchinjie kondoo. Na kabla ya kisu, lazima aseme mbele ya watu alichokufanyia."

Sikutaka kumgonga mtu. Nilitaka nguvu tu. Kila jioni, kabla ya kusonga ugali, niliupaka mwiko chumvi na jivu, nikauambia: "Mimi ni Nabiswa. Mkono huu ni wangu." Kisha nikarusha chumvi ya mawe kwenye makaa, kama nilivyofunzwa na jirani yangu Qali.

"Ikilia pa! jicho baya limepasuka, abaayo, dada yangu," aliniambia kupitia ukuta wa mabati.

Kwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Mukuru kwa Njenga, ukuta hauzuii kitu. Majirani wote walisikia nikipigwa. Asubuhi Wekulo aliwasalimu akicheka: "Huyu wangu ni wa kuanguka-anguka."

Jumanne alirudi kutoka kiwandani mapema, akanikuta nasonga ugali, kitabu cha baiolojia kimefunguliwa kando ya jiko.

"Bado unaenda hiyo shule ya jioni?"

"Mtihani ni Novemba, Baba Eve."

Alikitupa kitabu ndani ya makaa. Nilipoinama kukiokoa, alinipiga teke la mbavu. Kichwa kikagonga mabati, mdomo ukajaa damu. Akamnyakua Eve wetu wa miaka miwili kwa mkono mmoja, mtoto akaning'inia akilia.

"Huyu naye anaenda kwa mamangu leo. Sasa soma vizuri!"

Chumvi niliyorusha ililia pa! kwenye makaa. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mwiko ukitoka kwenye sufuria na ugali wa moto, ukimshukia kwenye paji la uso. Ngozi ikapasuka. Nikampiga tena, sikioni. Akamwachilia Eve, akaanguka kwa magoti, damu na ugali vikimtiririka shingoni.

"Umenipiga na nini?"

Nikamwonyesha.

Mwanaume aliyenivunja kidole bila kupepesa jicho sasa alinishika gauni. "Sema haukuwa mwiko. Mama Eve, tafadhali, sema ilikuwa kuni."

"Ulikuwa mwiko!" Qali akapiga kelele kutoka kwake. "Walahi tumesikia sote!"

Kwa kuwa aliyelaaniwa halali nyumbani, Wekulo alilala nje hadi Jumamosi, baba yake mdogo alipofika na kondoo. Ploti nzima ilisimama uani. Wekulo, jicho limefumba kwa uvimbe, alinong'ona kitu.

"Sauti!" Qali akamwambia.

"Nilimvunja kidole. Nilimpiga teke. Nilichoma kitabu chake. Nilitaka kumnyang'anya mtoto."

"Malizia," nikasema. "Mimi ni wa kuanguka-anguka?"

Akawageukia majirani. "Haanguki. Ni mimi humpiga."

Ndipo kisu kikapita. Kondoo akapiga mateke, damu ikakimbilia mtaroni.

"Sasa atarudi nyumbani," mzee akaniambia.

"Arudi, baba. Mimi na Eve tunahamia mtaa wa Tena, karibu na darasa. Jumatatu nina somo."

Mzee akautazama mwiko mkononi mwangu.

"Mtoto akae na mamake," akasema.

Niliuosha mwiko, nikaufunga ndani ya leso pamoja na nguo za Eve.