Chai ya Rangi ya Boga

Theresia alifika msibani katika mtaa wa Hässelby, huko ughaibuni, moja kwa moja kutoka zamu ya usiku hospitalini Flemingsberg, miguu imemvimba, na hapohapo akakabidhiwa jiko. Majani ya chai yalikuwa yamekwisha. Mkobani mwake mlikuwa na paketi ya chai ya Kitailandi aliyojinunulia sokoni Skärholmen, basi akaichemsha hiyo. Alipotia maziwa mazito ya kopo, chai ikageuka rangi ya boga.

"Theresia, hii chai au rangi ya ukuta?" Mama Clinton, mmoja wa wanawake wa msibani, aliuliza, akiinua kikombe wote waone. "Mtu kafiwa na mama yake, wewe unatuletea mambo ya harusi!"

"Ni majani ya chai, dada, na kiungo cha badiani, na rangi waliyotia huko kiwandani. Asiyeitaka, ipo sufuria ya choya, ile chai ya maua, aliyoleta jirani Séraphine."

"Ile nyekundu kama damu? Ndiyo afadhali?"

Theresia alijaza kikombe, akampelekea Veronica, mfiwa mwenyewe, aliyekuwa amekaa godoroni tangu jana bila kutia kitu mdomoni. Veronica aliitazama ile rangi kwa muda. Akaonja. Akanywa mpaka mwisho, kisha akanyoosha kikombe aongezewe.

"Hata hivyo," Mama Clinton alinong'ona, "waombe radhi wazee. Umeutia msiba aibu."

Theresia alikuwa ameshashika birika.

"Siombi radhi, dada. Sogeza mguu nipite."